Mume wangu anataka tukafanye mazoezi ya bunduki shambani pamoja na watoto

SWALI

Shikamoo mshauri,

Mimi ni mama wa watoto wawili, tunaishi Kimara. Mume wangu ni mtu wa ofisini wiki nzima, lakini amezaliwa kwenye nyumba ya mwindaji. Baba mkwe, Mungu amrehemu, aliwinda kwa vibali tangu ujana wake, na alipofariki aliacha bunduki moja kubwa ya kuwindia, ya .375. Mume wangu alifuata taratibu zote za polisi ikaandikwa kwa jina lake. Sasa msimu unapofunguliwa Julai, yeye na rafiki zake wanakata vibali na kwenda porini siku chache. Nyama ikipatikana tunagawana na majirani. Sijawahi kulalamika.

Mwaka jana alirudi hana raha. Nilikuja kujua baadaye, kupitia kwa rafiki yake, kwamba alimpiga swala pala vibaya, mnyama akakimbia na jeraha. Walifuata matone ya damu hadi giza likaingia, wasimpate. Mume wangu mwenyewe hajanisimulia mpaka leo. Ila tangu hapo anasema harudi porini bila mazoezi, na safari hii anataka familia nzima tushiriki.

Mpango wake ni kwamba Jumamosi ya mwisho wa mwezi twende shamba letu la Mkuranga: yeye, mimi, kijana wetu wa miaka 15, binti yetu wa miaka 12, na shemeji yangu ambaye ni mdogo wake. Shemeji ndiye mwenye shauku kuliko wote. Hana leseni ya silaha yoyote, lakini ameshakusanya chupa na makopo ya rangi ya kupanga juu ya kisiki. Anasema shamba ni letu, nani atatuuliza? Mimi shamba lile nalijua. Ng'ambo ya mikorosho kuna njia ya watu wanaokwenda kisimani, na kipindi hiki majirani wanashinda mashambani wakipulizia salfa. Nikisema hivyo naambiwa mimi ni mwoga na ninawadekeza watoto.

Kijana yeye anawaza picha za kupiga na simu. Binti ndiye anayeuliza maswali asubuhi na jioni: risasi inafika wapi, kwa nini bunduki inarudi nyuma, baba anajuaje pa kulenga. Mama mkwe, ambaye tunakaa naye, alisema mtoto wa kike hashiki bunduki, akafunga mjadala. Binti alilia.

Kuna na jambo jingine la nyumbani. Bunduki inakaa kwenye kabati la chumbani kwetu. Kabati lina kufuli, lakini ufunguo unawekwa juu ya friji na kila mtu anaujua, na boksi la risasi liko droo ya chini ya kabati hilohilo.

Sitaki kumvunja moyo mume wangu. Naona anajaribu kurekebisha kitu kinachomuuma, na amefurahi kupata jambo la kufanya na wanawe. Lakini Mkuranga moyo wangu unakataa. Nimwambieje? Na je, kuna namna familia inaweza kushiriki mazoezi haya kwa usalama, au niyakatae yote?

Mama Wawili, Kimara

JIBU

Marahaba, Mama Wawili.

Usiyakatae yote. Mwindaji aliyemjeruhi mnyama akampoteza, kisha akaamua kwamba harudi porini mpaka mkono wake utulie, ana dhamiri, na mazoezi ndiyo anayoyahitaji. Wapo wanaorudi msimu unaofuata na bunduki ileile, darubini ileile ya kulengea iliyogongwagongwa garini, wakisema mwaka jana bahati haikuwepo. Mume wako si wa kundi hilo. Kwa hiyo tutafute namna mazoezi yafanyike na ninyi mwemo, ila kwa mpango tofauti na wa shemeji.

Kwanza ufunguo wa juu ya friji, maana huo haungoji mwisho wa mwezi. Leo hii risasi zitoke kwenye kabati la bunduki. Ziwekwe mahali pengine, kwenye kisanduku chenye kufuli lake, na funguo zote mbili zikae kwa mwenye leseni, mahali anapopajua yeye peke yake. Bolti nayo, kile chuma anachokivuta nyuma kuingiza risasi, hutoka kwa sekunde chache kwenye bunduki nyingi za aina hiyo. Aitoe aifungie kando. Bunduki isiyo na bolti haifyatuki hata ikishikwa na mwizi, sembuse mtoto. Una kijana wa miaka 15 anayewaza picha za simu. Picha za namna hiyo hupigwa siku wazazi hawapo na marafiki wamejaa sebuleni. Simwoni mwanao kuwa mbaya kwa hilo, ndio umri wake. Lakini mzigo wa kumkinga ni wa mume wako, na sheria inamtaka mwenye leseni aitunze silaha mahali salama. Akipuuza, anaweza kuipoteza leseni hiyohiyo anayotaka kuifanyia mazoezi.

Sasa Mkuranga. Hapo moyo wako umekataa kwa haki.

Leseni ya silaha, kwa mujibu wa Sheria ya Udhibiti wa Silaha za Moto na Risasi ya mwaka 2015, hupewa mtu kwa jina lake na kwa silaha iliyotajwa. Haisemi "na mdogo wake", wala "na wanawe". Shamba kuwa mali yenu hakubadilishi hilo. Siku shemeji atakapoishika bunduki ile na kufyatua, yeye atakuwa na kosa la kushika silaha bila leseni, na mume wako atakuwa na kosa la kumkabidhi. Chupa walizopiga hazitakuwa na maana yoyote mbele ya polisi.

Halafu ni Mkuranga, dada yangu. Watu wa Mkuranga, Kibiti na Rufiji hawajasahau mwaka 2017, wakati viongozi wa vijiji na askari walipokuwa wakiuawa kwa risasi na watu wakiogopa hata kutoka nje jioni. Mlio wa .375 shambani saa nne asubuhi utawafanya kina mama walioko kisimani waache ndoo na kukimbia. Hilo tu lingetosha mimi kusema hapana.

Na kuna suala la risasi inakoishia. Risasi ndogo kabisa ya .22, ambayo watu huiona ya kuchezea, ikielekezwa juu kidogo inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja na nusu. Ya .375 inakwenda mbali kuliko hiyo. Kopo la rangi haliizuii hata kidogo, inalitoboa na kuendelea na safari. Majani ya mkorosho hayaizuii pia. Kisiki kikavu, jiwe, au ardhi ngumu inaweza kuipotosha ikaruka upande ambao hakuna aliyeutazamia, na hata maji hufanya hivyo risasi ikiyagusa kwa mshazari. Mahali pa kupigia shabaha panahitaji tuta la udongo laini, refu kupita kimo cha mtu, lisilo na mawe, na nyuma ya tuta pasiwe na njia wala shamba la mtu. Kwa maelezo yako, shamba lenu lina mikorosho, njia ya kisimani na majirani wenye mabomba ya salfa mgongoni. Na vioo vya chupa zilizopasuka vitabaki pale, na watu wa kule wanapalilia peku.

Basi waende wapi? Mume wako aanzie kwa mkuu wa polisi wa wilaya, ofisi inayoshughulikia leseni yake. Aulize ni uwanja gani wa shabaha ulioidhinishwa ambao raia mwenye leseni anaweza kuutumia, kwa utaratibu gani, na kama watu wa familia wasio na leseni wanaruhusiwa kuingia na kukaa wapi. Ofisi za TAWA, Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori, zinazojua habari za vibali vya uwindaji, nazo ni mahali pa kuuliza. Aende yeye mwenyewe, mapema. Akienda Juni mwishoni atakuta wenzake wote wameamka siku hiyohiyo.

Uwanjani kuna msimamizi, kuna tuta, kuna mstari ambao hakuna anayeuvuka mpaka bunduki zote zimefunguliwa na kuwekwa chini. Ninyi mtakaa nyuma ya mstari. Watoto watajifunza mengi kwa kuona jinsi watu wazima wanavyotii amri ya "acha!" bila kubishana. Kama uwanja una bunduki ndogo ya mafunzo na taratibu zinaruhusu mtoto kuijaribu chini ya mwalimu, hilo ni la mwalimu na la sheria kuamua. Bunduki ya .375 watoto wasiiguse. Aina hiyo ya risasi ilibuniwa na Holland & Holland, watengenezaji wa bunduki wa London, mwaka 1912 kwa ajili ya wanyama wakubwa. Kipande chake kinachotoka mtutuni kwa kawaida kina gramu 19 hivi, wakati cha .22 kina gramu mbili na nusu. Mtoto wa miaka 15 akipigwa teke na bunduki hiyo begani siku ya kwanza, atakachojifunza ni kuogopa tu, na woga wa namna hiyo huchukua muda mrefu kutoka.

Hapo ndipo ningependa mume wako anisikilize kwa makini, maana huenda ndipo swala wake alipopotelea. Mtu anayepiga bunduki yenye teke kubwa mara chache kwa mwaka, mwili wake hulikumbuka lile teke kabla hajafyatua. Anafumba macho bila kujua. Bega linasukuma mbele, kidole kinanyakua triga badala ya kuivuta taratibu, mtutu unainama. Risasi iliyolengwa kifuani inatua tumboni au mguuni. Mpigaji mwenyewe haoni, kwa sababu mlio na teke vinafunika kila kitu. Wawindaji wengi wazoefu wanaishi na ugonjwa huu miaka na kulaumu darubini.

Kuupima ni rahisi, na hapa ndipo mke ana kazi uwanjani. Msimamizi au mwalimu ndiye atie risasi chemba, mume wako akiangalia pembeni. Mara atie risasi ya kweli, mara ile bandia ya mazoezi isiyo na baruti, bila mpangilio. Wewe simama nyuma pembeni, utazame ncha ya mtutu peke yake. Ikija ile bandia, triga itasema "tik" na hakuna kitakacholipuka. Kama mtutu ulitulia, mkono ni mzuri. Kama uliinama kwa ghafla, mmeuona ugonjwa kwa macho yenu. Mwambie ulichokiona kwa upole na kwa ukweli, mara ile ile. Mtu akishajionea mwenyewe mara mbili tatu, huanza kuvuta triga polepole kiasi kwamba mlio unamshtua yeye mwenyewe, na hivyo ndivyo unavyotakiwa kuwa.

Lakini kabla ya hapo ahakikishe darubini. Aanze mita 25, bunduki imeegemezwa vizuri kwenye mfuko wa mchanga, risasi tatu kwenye karatasi. Atazame zimekusanyika wapi, kwa sababu risasi moja peke yake haimwambii kitu. Darubini nyingi za uwindaji husogeza shabaha kama milimita 7 kwa mita 100 kila kitufe kinapolia "tik" moja, kwa hiyo kwa mita 25 ni chini ya milimita mbili. Risasi zikikusanyika sentimita 4 kulia akiwa mita 25, anahitaji tik kama 22 kwenda kushoto. Watu wengi hukata tamaa hapa kwa sababu wanazungusha mbili tatu na kuona hakuna kilichobadilika. Hesabu hii mpe binti. Akishamaliza mita 25 ahamie mita 100 na kurudia. Mtutu uachwe upoe kati ya awamu na awamu, maana wa moto hupeleka risasi pengine, na porini risasi inayohesabika ni ile ya kwanza ya mtutu wa baridi. Na asikaribishe jicho sana kwenye darubini. Wenye makovu juu ya nyusi wanajua kwa nini.

Kisha aachane na meza. Porini hakuna meza wala mfuko wa mchanga. Atapiga akiwa ameegemeza bunduki kwenye vijiti vitatu vilivyofungwa pamoja kwa juu, au amepiga goti, moyo ukimdunda kwa kutembea. Uwanjani afanye hivyohivyo. Mchoreeni duara la upana wa sentimita 15 kwenye karatasi, unaokaribiana na eneo la moyo na mapafu ya swala pala. Apige risasi tano kwa vijiti akiwa mita 60. Zote zikiingia, arudi nyuma mita 80, kisha 100, kisha 120. Mahali ambapo risasi moja inatoka nje ya duara, amepita uwezo wake. Kama ni mita 120, basi mwisho wake porini ni 100 na si hatua moja zaidi, hata swala akisimama ubavu wazi na rafiki zake wakimnong'oneza apige. Namba hiyo aiandike kwenye karatasi na kuitia mfukoni pamoja na kibali. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote atakayorudi nayo: kujua ni umbali gani anaruhusiwa na mkono wake mwenyewe. Sheria inamtaka mwindaji amfuatilie mnyama aliyemjeruhi, na alifuatilia hadi giza. Lakini njia ya uhakika ya kutomwacha mnyama na jeraha ni kutofyatua pale ambapo huna hakika.

Risasi za .375 zisizidi kumi na tano hivi kwa siku moja. Zaidi ya hapo bega linachoka na woga unarudi. Hatua zote hizi hazimaliziki siku moja, kwa hiyo ajipange kwenda zaidi ya mara moja. Kama uwanja una bunduki ya .22, atumie hiyo kwa mazoezi mengi ya mkono na triga, kisha amalizie na chache za kubwa.

Masikio sasa, na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu watu wetu hulidharau. Wataalamu huweka desibeli 140 kuwa mpaka ambao mlio mmoja tu unaweza kuumiza sikio moja kwa moja, na bunduki kubwa za kuwindia hupita 160. Madhara hayo hayaponi. Kila mmoja wenu, hata asiyefyatua, avae vizibo vya povu ndani ya sikio na vifuniko vikubwa juu yake. Pamba ya dukani haitoshi. Miwani ya kukinga macho pia. Halafu kuna risasi yenyewe, ambayo ina madini ya risasi ndani, na vumbi lake hubaki mikononi na nguoni. Msile wala kunywa chochote pale kwenye mstari. Mkimaliza mnawe mikono na uso kwa sabuni kabla ya kugusa mihogo na ndizi mtakazobeba, na nguo za siku hiyo zifuliwe peke yake. Kwa watoto madini hayo ni mabaya zaidi kuliko kwa watu wazima.

Mazoezi mengine yote ya familia hayahitaji risasi hata moja, na kwa watoto ndiyo matamu zaidi. Nendeni ufukweni Kigamboni Jumapili asubuhi. Mmoja asimame mbali na mwavuli, wengine wakadirie umbali, kisha mhesabu kwa hatua. Mtashangaa jinsi macho yanavyodanganya, hasa jua likiwa nyuma ya mtu. Mwindaji asiyejua kutofautisha mita 90 na 150 hana la kufanya na ile namba ya mfukoni. Nyumbani, binti achore swala kwenye karatasi ya manila akiwa ubavu, akiwa ameelekea kwenu, akiwa amegeuka nusu, na kila mchoro aonyeshe moyo ulipo: nyuma tu ya mguu wa mbele, theluthi moja ya mwili kutoka chini. Kila mara picha inapobadilika, baba aulizwe, "Hapa unapiga au hupigi?" Na wakati mwingine achore mtu mdogo kwa mbali nyuma ya swala. Baba akisema anapiga, amekosa. Kijana naye apewe mpini wa ufagio ajifunze kukaa, kupiga goti na kuegemeza kwenye vijiti. Simu yake ina kazi: amrekodi baba yake kwa pembeni uwanjani, msimamizi akiruhusu, ili jioni waangalie bega na mtutu polepole. Picha za kujionyesha na bunduki hapana, wala kurusha chochote mtandaoni.

Kuhusu binti na bibi yake. Kwenye Olimpiki ya mwaka 1976 kule Montreal, wanawake na wanaume walipokuwa wakishindana pamoja katika kulenga shabaha kwa bunduki, Margaret Murdock wa Marekani alipata pointi sawa kabisa na mwenzake Lanny Bassham. Dhahabu ilikwenda kwa Bassham, naye wakati wa wimbo wa taifa akamvuta Murdock wasimame wote kwenye ngazi ya juu. Kulenga kunataka utulivu, pumzi na subira, na mtoto anayeuliza risasi inafika wapi kabla ya kuuliza lini atafyatua ana kichwa ninachokitaka karibu na bunduki. Lakini usiende kumsomea mama mkwe habari za Montreal. Mwenye kuzungumza naye ni mwanawe. Amweleze kwamba mjukuu hapewi bunduki, anafundishwa hesabu na macho. Tena yeye ndiye mjane wa mwindaji. Alimuona mzee akiisafisha, akiifunga, akirudi mikono mitupu. Muulizeni mbele ya watoto mzee alikuwa akiiweka wapi bunduki wakati mume wako na mdogo wake wakiwa wadogo. Nadhani jibu lake litawasaidia sana kuhusu ule ufunguo, na yeye atajiona yumo kwenye jambo hili badala ya kuwa mlinzi wa mlangoni.

Sasa namna ya kumwambia mume wako. Msubiri mkiwa wawili. Usiongee mbele ya shemeji, kwa sababu mwanamume akiambiwa "hapana" mbele ya mdogo wake hutetea mpango hata kama ameshauona ubovu wake. Usimtajie kwamba rafiki yake alikusimulia habari za swala. Habari hiyo ni yake, na siku ataitoa mwenyewe itakuwa na faida kubwa kwenu nyote wawili. Unaweza kumfungulia mlango kwa kuuliza tu, "Baba, mwaka jana porini kulikuwaje?" kisha unyamaze, umpe muda. Asiposema, usimbane. Endelea hivi: "Nimependa unavyotaka kufanya mazoezi kabla ya msimu, na nimependa umetuhesabu na sisi. Nitakuja, na watoto watakuja. Lakini kwenye uwanja wenye tuta na msimamizi, na baada ya risasi kuondoka kwenye lile kabati. Shambani siwezi, kuna watu kwenye mikorosho." Ukiisema hivyo, umesema ndiyo kwanza, na hapana yako ina mahali inapoishia.

Shemeji aambiwe na kaka yake. Anaweza kuja kubeba karatasi, maji na vijiti. Akitaka kufyatua, njia iko wazi: aombe leseni yake kuanzia serikali ya mtaa wake na polisi kama watu wengine.

Hukuniuliza kama kijana aende porini Julai, lakini najua swali linakuja. Ngojeni kwanza muone anavyotii amri uwanjani, na muulize wanaotoa kibali kama kinaruhusu mtu wa kufuatana naye. Kwenye nyati, hapana, abaki kambini.

Na ikiwa mume wako atasisitiza Mkuranga baada ya yote haya, wewe na watoto hamwendi, na mwambie mapema, siyo asubuhi gari likiwa limewashwa. Wakiamua kwenda wao wawili, mwenyekiti wa kijiji anapaswa kujua kabla mlio wa kwanza haujasikika. Mwambie mume wako waziwazi kwamba utampigia, kisha mpigie. Wale wenye mabomba ya salfa hawajui mpango huu, na wewe unaujua.